UZI: Nyuma ya picha paliandikwa "Baba", na kwa miaka miwili tulimtundika ukutani mtu asiye babu yetu

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Najua humu wapo wengi waliorithi bahasha au sanduku la picha na barua kuukuu za ukoo na hawajui waanzie wapi. Naweka hapa safari yangu, pamoja na kosa nililolifanya mwanzoni, maana lingeniepuka kama mtu angeniambia mapema.

Shangazi yangu mkubwa alipofariki niliachiwa sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na picha 61 na barua 38. Kati ya picha hizo ipo moja ambayo sote nyumbani tuliipenda tangu siku ya kwanza: mwanamume amesimama, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, koti limefungwa vifungo vyote, anatazama pembeni kidogo ya kamera. Nyuma, kwa wino uliokwisha kugeuka kahawia, pameandikwa: "Baba, kabla hajaondoka."

Sanduku ni la shangazi. Kwa hiyo tukasema Baba huyo ni baba yake shangazi, yaani babu yetu, ambaye hakuacha picha nyingine hata moja. Tukaipeleka ikakuzwa, ikatundikwa. Watoto wakaonyeshwa: huyu ndiye babu yenu, tazameni paji la uso, si ndilo la baba yenu hili? Nami niliuona huo mfanano kabisa. Mtu akishaambiwa kuwa huyu ni wake, huona mfanano.

Hakuwa yeye.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alishike kabla hajagusa sanduku lake ni hili: maandishi nyuma ya picha ni ushahidi wa mtu aliyeandika. Kabla hujauliza huyu wa kwenye picha ni nani, uliza nani ameandika, ameandika lini, na alikuwa anamwandikia nani. "Baba" si jina. Ni uhusiano, na uhusiano hubadilika kulingana na anayesema. Katika lugha yetu ni hatari zaidi, kwa sababu baba mdogo ni baba, baba mkubwa ni baba, baba mkwe huitwa baba, na mama wa nyumbani humwita mumewe "baba" mbele ya watoto. "Ndugu" ndiyo usiseme. Afadhali "Mama fulani", kwa kuwa angalau unapata jina la mtoto wa kuanzia.

Basi nikarudi kwenye zile barua 38. Nilikuwa nimezisoma mara moja tu, kwa haraka, nikitafuta siri. Safari hii nilizisoma kama vielelezo vya mwandiko. Nilichukua zile zenye sahihi, nikapiga picha kwa karibu herufi B, k na d za kila mwandishi, nikaziweka sambamba na maneno yale matatu ya nyuma ya picha. Shangazi aliandika B yake kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Ile ya nyuma ya picha ina mstari wima peke yake, kisha matumbo mawili yasiyoungana nao. B hiyo hiyo imo katika barua tisa, zote za bibi, mama yake shangazi, alizomwandikia binti yake alipokuwa mbali.

Tahadhari moja hapa: sahihi ya barua si lazima iwe mwandiko wa mwenye barua. Zamani wengi walikuwa na mtu wa kuwaandikia. Katika sanduku langu zipo barua nne za watu wanne tofauti zilizoandikwa na mkono mmoja. Bibi nina hakika aliandika mwenyewe, kwa sababu katika barua moja anaomba radhi kwamba ameandika usiku na macho yanamsumbua.

Naendelea hapo chini. Karibuni mchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, asante sana. Ila hapo bado. Kama bibi ndiye aliyeandika, na picha alimpelekea binti yake, si anaweza kumwita mumewe "Baba"? Yaani baba yako wewe unayepokea. Basi anakuwa babu yenu vilevile.

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na ndilo lililonikwamisha kwa miezi kadhaa. Mwandiko peke yake haukumaliza kazi. Ikabidi niiulize karatasi yenyewe.

Picha ile imechapishwa kwenye kadi ya posta. Nyuma, mahali pa kubandika stempu, kuna kijisanduku kilichozungukwa na neno AZO pande zote nne, na kila pembe ina pembetatu ndogo inayoelekea juu. AZO ilikuwa karatasi ya picha ya Kodak, kampuni ya kamera na filamu. Wakusanyaji wa kadi wamelinganisha visanduku hivi na mihuri ya posta ya kadi zilizotumwa kweli, na hukadiria kwamba zenye pembetatu nne za kuelekea juu ni za kati ya 1904 na 1918, na zenye miraba kwenye pembe ni za kuanzia kama 1925 hadi miaka ya 1940. Cheti cha babu kinasema alizaliwa 1914. Mwanamume wa kwenye picha ana miaka 40 hivi.

Tazameni nyuma ya picha zenu. Uso wa picha hutuvuta machozi, lakini mgongo wake ndio wenye tarehe. Na tarehe nyingine imo katika umbo la picha. Picha iliyo juu ya bamba la shaba lenye fedha ing'aayo kama kioo ni ya ile njia ya Mfaransa Daguerre iliyotangazwa mwaka 1839. Ikiwa juu ya bati jembamba jeusi, ni ya baada ya katikati ya miaka ya 1850. Picha ndogo ya karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kadibodi ya ukubwa wa karibu sentimita 6 kwa 10 ni mtindo ambao mpiga picha Disdéri aliusajili Ufaransa mwaka 1854, na kadibodi kubwa zaidi, karibu sentimita 11 kwa 16.5, zilianza miaka ya 1860. Kamera ya kwanza ya Kodak ilitoka 1888, na Brownie, kamera rahisi ya kila mtu, ikaja 1900. Kuanzia hapo watu wanaanza kuonekana wakicheka na kuchutama uani, maana wametoka studio. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundunyekundu yote mara nyingi ni ya kabla ya miaka ya 1980, kwa sababu rangi ya samawati ya kijani ndani yake ndiyo hufifia kwanza na kuziacha nyenzake.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: picha za bamba la shaba na za bati hugeuza kushoto kuwa kulia. Pete inaonekana mkono wa pili, vifungo vinafunga upande usio wake. Kuna mtu nimewahi kumsaidia ambaye alishajenga hoja nzima kwamba bibi mkuu wake alikuwa mjane, kwa sababu tu ya mkono wenye pete. Picha ilikuwa ya bati. Na katika picha za zamani bamba lilikuwa halioni nyekundu sawasawa, hivyo nguo nyekundu hutoka nyeusi na samawati hutoka karibu nyeupe. Usimvike mtu msiba kwa sababu nguo yake inaonekana nyeusi.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka miaka mingi, naomba nisahihishe kidogo. Hizo tarehe za karatasi zinaonyesha karatasi ilitengenezwa lini, hazionyeshi picha ilipigwa lini. Mpiga picha anaweza kuwa na boksi lililobaki stoo. Pia kuna nakala: picha ya 1890 ikapigwa picha tena mwaka 1930 na kuchapishwa kwenye kadi mpya. Angalia kama kuna kivuli cha ukingo wa picha nyingine ndani ya picha, au kama uso umefifia ilhali karatasi ni nzima. Hizo ni dalili za nakala.

Mwanzisha uzi

Sahihi kabisa mkuu, na ningependa wote wasome ujumbe wako mara mbili. Kwenye picha yangu nililipima hilo hivi: nakala huifanya karatasi iwe changa kuliko picha, kamwe haiwezi kuifanya iwe kongwe zaidi. Ili awe babu akiwa na miaka 40, ingebidi mtu awe amechapisha picha mwaka 1954 kwenye karatasi iliyokaa stoo miaka 36 au zaidi. Karatasi ya picha ambayo haijatumika hupata ukungu wa kijivu kadiri inavyozeeka. Hii yangu nyeupe yake ni nyeupe. Kwa hiyo babu nikamwondoa.

Nilimtoa ukutani mwenyewe, jioni moja, na nakiri iliniuma kuliko nilivyotegemea. Baba yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa huyu tuliyekuwa tunamsalimia ni nani?"

Mchangiaji wa tatu

Hadi hapo una wawili: baba yake bibi, au baba mkwe wake. Bibi anaweza kuwaita wote Baba.

Mwanzisha uzi

Ndiyo. Na mwandiko hauwezi kuwatenganisha, karatasi haiwezi, hata uso hauwezi, kwa kuwa wote wawili ni babu zetu wakuu na damu yetu inatoka kwa wote.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo kuhusu barua. Sanduku la marehemu lina nusu tu ya mazungumzo. Lina barua alizopokea, na majibu yake yako kwa watu aliowaandikia, kwenye masanduku ya watu wengine. Nilikuwa nimekaa juu ya barua 38 nikidhani ndizo zote, kumbe nusu ya pili imetawanyika kwa ndugu ambao sijawahi kuwapigia simu.

Nikatengeneza orodha ya kila mtu anayetajwa ndani ya barua. Hapa naomba msiziruke zile salamu ndefu za mwanzo na za mwisho. Mimi mara ya kwanza niliziruka, nikiona ni maneno ya desturi tu: mimi ni mzima, hofu ni juu yako, nisalimie fulani, nisalimie fulani. Zile salamu ndizo sensa ya nyumba. Zinakuambia nani anaishi na nani, kwa mpangilio wa umri. Na jina ambalo limesalimiwa katika barua sita mfululizo, kisha katika ya saba halipo, lifuatilie. Ameoa, amehama, au amefariki. Kwa njia hiyo nilijua mwaka aliofariki mdogo wake shangazi ambaye hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kutuambia kwamba alikuwepo. Alisalimiwa kwa jina la utani, Kidogo. Halafu hasalimiwi tena.

Kuhusu tarehe: mtu akiandika 3/4, je ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Inategemea alifundishwa wapi. Msitupe bahasha jamani, muhuri wa posta ndio unaoamua. Barua za mbali zaidi huko nyuma zina mtego mkubwa zaidi: Uingereza ilihamia kalenda ya sasa mwaka 1752, na kabla ya hapo mwaka mpya wao kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Urusi ilihama 1918. Na mwandiko nao una zama zake. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na Kijerumani cha mwandiko wa zamani wa Kurrent hakisomeki hata kwa Mjerumani wa leo asiyejifunza, kwa sababu shule ziliacha kuufundisha kuanzia 1941. Ukikuta barua usiyoweza kuisoma, usidhani haisomeki.

Mchangiaji wa nne

Mimi zangu wino umefifia kabisa, unaonekana kama moshi. Nifanyeje? Nimesikia kuna programu za kusafisha na kutia rangi.

Mwanzisha uzi

Wino wa kahawia wa zamani mara nyingi ni ule uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma. Jaribu tochi ya miale ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, ndani ya chumba chenye giza: wino huo hunyonya miale hiyo na maandishi huonekana meusi zaidi juu ya karatasi. Usiiwashe muda mrefu. Kama ni penseli iliyofutika, zima taa, shika tochi ya kawaida ikiwa imelala sambamba na karatasi, utaona mfereji ulioachwa na penseli. Ukiskani, weka alama 600 kwa inchi, na kwa picha ndogo sana 1200, uhifadhi faili la TIFF (aina ya faili lisilopunguza ubora wa picha), na uskani mgongo pia. Faili la mgongo na la uso yape namba moja yasije yakatengana.

Programu za kutia rangi na kunoa nyuso, mimi nazikataa kwa kazi hii. Zinabuni. Uso uliofifia unapewa macho ambayo programu imeyaona kwa maelfu ya watu wengine, halafu wajukuu wanaambiana "macho ya babu". Tumeshamtundika mtu asiyekuwa yeye mara moja, sitaki kurudia kwa mashine. Kama lazima ufanye, andika chini yake kwamba imetengenezwa, na nakala halisi ikae kando.

Mchangiaji wa pili

Niongezee usalama. Usiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha. Penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Usiipige laminesheni. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu zinakula picha; usivute, pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu kati ya picha na ukurasa. Na kama kuna negativu au filamu za kabla ya miaka ya 1950, angalieni sana, baadhi ni za nitrati, plastiki ya zamani ya filamu, na huwaka vibaya mno. Kodak waliacha kuzitengeneza mwaka 1951. Zikiwa zinanata, zina rangi ya kahawia au harufu kali, zitoe ndani ya nyumba na utafute ushauri wa mtaalamu. Ikinuka siki, hiyo ni asetati, plastiki nyingine ya filamu, inayooza. Haiwaki ovyo, lakini itenganishe na nyingine.

Mchangiaji wa tano

Mimi nina swali tofauti, limekuwa likininyima usingizi. Katika barua za mama yangu nimekuta jambo kuhusu kuzaliwa kwa mtu ambaye yuko hai, na nina hakika hajui. Niseme?

Mwanzisha uzi

Pole ndugu yangu. Sitakupa jibu la haraka. Ninaloweza kusema ni nilivyofanya mimi nilipokutana na kitu cha aina hiyo. Kwanza nilijiuliza kama ninajua au ninadhani, na kwa yaliyonipata kuhusu ile picha, niliogopa sana neno "nina hakika". Barua moja ni mtu mmoja anayesema akiwa na hasira au huzuni ya siku hiyo. Pili, sikuweka nakala kwenye kundi la familia. Barua niliifunga peke yake, nikaandika juu ifunguliwe na nani. Kama mwenyewe atakuja kuuliza, nitampa barua yote asome mwenyewe, wala sitamsimulia mimi. Habari ya kuzaliwa kwake ni mali yake kabla haijawa historia ya ukoo.

Na usiichome. Tafadhali. Moto umeshachukua vingi. Mwaka 1921 moto kule Washington uliharibu karibu sensa yote ya Marekani ya 1890. Mwaka 1922 hazina ya nyaraka ya Dublin iliteketea vitani, na pamoja nayo karne za kumbukumbu za Ireland. Mwaka 1973 ukawaka moto huko St. Louis, zikapotea faili kati ya milioni 16 na 18 za askari. Kwa familia nyingi karatasi iliyobaki ni ile tu iliyokuwa chini ya kitanda cha bibi. Ingawa vilevile viko vilivyosalimika: Shirika la Msalaba Mwekundu limeweka wazi mtandaoni kadi za wafungwa wapatao milioni mbili wa vita vya 1914 hadi 1918, na unaweza kutafuta kwa jina bila malipo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu turudi kwenye picha. Uliishia kwenye orodha ya majina.

Mwanzisha uzi

Ndiyo, samahani.

Katika orodha yangu jina lililotajwa na bibi kuliko mengine yote lilikuwa la mdogo wake wa kike. Alishafariki zamani. Nikatafuta wajukuu zake, binamu zangu ambao sikuwajua. Niliwapigia simu watatu kabla ya kumpata mmoja aliyesema, "Zipo karatasi za bibi, mama hakutaka zitupwe." Sikumwomba anipe. Nilimwomba twende tukazisome pamoja, na nikapeleka picha yangu.

Zilikuwa barua kumi na moja za bibi yangu kwa mdogo wake. Nilizijua kabla ya kusoma jina, kwa ile B. Ya nne ilikuwa na tarehe 3/4/52, na bahasha bado ipo, muhuri ni wa tarehe 7 Aprili. Anamshukuru mdogo wake kwa kumpelekea picha ya Baba, ile aliyoshika kiti, na anasema ameiandika nyuma ili watoto wasije wakapotezana naye.

Dada akimwandikia mdogo wake, Baba ni mmoja tu. Ni baba yao. Si mumewe, si mkwe.

Binamu yangu aliishika ile picha akaitazama kwa muda. Kwao hawakuwa nayo, kwa sababu bibi yao aliitoa ya pekee aliyokuwa nayo akampa dada yake. Nimemwachia nakala. Ndani ya barua hakuna mahali panaposema aliondoka kwenda wapi, na hakuna aliye hai anayekumbuka.

Sikugusa maandishi ya bibi. Picha nimeiweka ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na juu ya bahasha nimeandika kwa penseli: "Mwandiko wa nyuma ni wa bibi. Baba = baba yake bibi. Ushahidi: barua yake kwa mdogo wake, 3 Aprili 1952, iko kwa binamu; kadi ya AZO yenye pembetatu nne. Kuondoka kwake bado hakujulikani." Nikaweka jina langu na tarehe ya siku hiyo, ili atakayekuja ajue ni nani alisema hivyo.

Amerudi ukutani. Baba yangu humsalimia kama zamani.